Harusi Katika Nyumba ya Babu

Efrazia alikuwa na miaka ishirini alipolikataa gauni la mama yake. Ilikuwa Januari ya mwaka 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, na watu walikuwa na hamu ya vitu vipya. Yeye alikuwa amechumbiwa na Ernest, karani wa ushirika wa mboga huko Lushoto mjini. Mama yake alimpandisha ghorofani, akafungua sanduku la mbao za mkulo, mti wa msituni wenye harufu kali, lililokaa chini ya dirisha, akatoa gauni la bafta lenye lesi shingoni na kwenye mikono. Lesi hiyo aliifuma mwenyewe zamani za usichana wake, alipofundishwa na mabibi wa misheni ya Mlalo. Alilivaa siku aliyoolewa, na sherehe ikafanyika chini, katika nyumba hiyohiyo.

"Nimelitunza kwa ajili yako," mama alisema.

Efrazia alilishika, akalinusa, akalirudisha. Alisema linanuka sanduku na watu wa mjini watamcheka. Na alipoambiwa kwamba baba angependa karamu ifanyike hapo nyumbani, alikataa pia. Nyumba ya udongo, alisema, giza kila chumba, ngazi zinalia ukikanyaga. Watu sasa wanajenga kwa saruji.

Basi aliolewa mjini. Alivaa gauni la nailoni aliloazimwa na rafiki yake wa Tanga, akapanda Landrova iliyofungwa riboni, akakata keki yenye sukari nyeupe juu kama theluji ya kwenye kalenda. Watu wengi walikuja, na walipiga makofi. Baba yake, mzee Sefania, alikaa kwenye kiti cha kukunja huku kofia ikiwa magotini, hajui pa kutazama, akaondoka kabla ya chakula kwisha kwa kuwa lori la kwenda Mlalo lilikuwa halisubiri mtu. Mama alibaki mpaka mwisho. Miaka minne baadaye alifariki, na habari ya gauni haikuzungumzwa tena.

Efrazia alifanikiwa mjini. Alijifunza kushona, akapata cherehani, akaweka meza yake kwenye baraza ya nyumba yao ya saruji na bati, na kufikia mwaka 1972 wake za maofisa na walimu walikuwa wanamjua kwa jina. Alikuwa na watoto wawili shuleni. Ernest alikuwa mtu mpole, asiye na maneno mengi. Kama ungemwuliza Efrazia wakati huo anakosa nini, angekuambia hakosi kitu.

Mwezi wa saba mwaka huo mdogo wake Yudith alishuka mjini kwa basi la asubuhi, akiwa na furushi lililofungwa kwa kanga. Yudith alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tangu mama afariki ndiye aliyebaki na baba yao kule Kwemkulo, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mlalo. Alikuwa mfupi, mchangamfu, na siku hiyo alikuwa na uso wa mtu anayejizuia kucheka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kuna nini huko, mbona hukuandika barua?"

Yudith akakaa, akaeleza. Alikuwa amechumbiwa. Bwana mwenyewe aliitwa Sheshe, mtu wa Vuga, bwana shamba aliyehamishiwa upande wa Mlalo mwaka uliopita. Siku ilikuwa imekwisha kupangwa, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa. Ibada misheni, halafu karamu nyumbani, katika nyumba ya babu. Hawataki ukumbi, hawataki gari. Watatoka kanisani kwa miguu na watapika kwa vyungu.

Halafu akafungua furushi. Efrazia aliliona lile gauni, na kabla hajasema neno harufu ya mkulo ilikwisha kumfikia.

"Ni refu kwangu," Yudith alisema. "Mama alikuwa mrefu kama wewe. Naomba unipunguzie, lakini usilikate, dada. Pindia tu kwa ndani. Huenda siku moja binti yako akalitaka."

Efrazia alimwambia amwachie hilo la zamani, atamshonea jipya la satini, zawadi yake. Yudith alimshukuru na kukataa, taratibu, kama mtu aliyelifikiria jambo muda mrefu. Kisha akaanza kumsimulia habari za Sheshe, na hapo ndipo kitu kilipomchoma Efrazia kwa mara ya kwanza.

Sheshe, alisema Yudith, aliipenda nyumba kabla hajampenda yeye. Alikuja kukagua kabichi za mzee Sefania, akasimama uani na daftari lake kwapani, akasahau kabichi. Akaishika nguzo ya roshani, akauliza nani aliyeichonga. Kwao Vuga babu yake aliacha nyumba kubwa ya zamani. Sheshe alipokuwa chuoni ndugu zake waliiacha ikavuja mpaka ikaanguka, naye aliporudi likizo alikuta kilima cha udongo na migomba imeota juu yake. Hakutaka kuona hilo mara ya pili. Jumapili iliyofuata alirudi na nyundo yake, akaanza kukarabati roshani. Ilikuwa Jumapili ya nne ndipo alipogundua kwamba mwalimu aliyekuwa anamletea uji ana macho mazuri.

Yudith alicheka alipolisema hilo. Efrazia naye akacheka, huku akijaribu kukumbuka Ernest alimwona wapi yeye kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kwenye foleni ya ofisini.

Wiki mbili baadaye alipanda Kwemkulo kujionea mwenyewe. Alitaka, moyoni, kukuta vurugu: udongo umemwagika, mbao zimeoza, mdogo wake anajidanganya. Alipofika kwenye kona ya njia ambapo nyumba huanza kuonekana, alisimama.

Babu yao alikuwa ameijenga nyumba hiyo wakati wa Mjerumani, ghorofa moja juu ya mawe, kuta za udongo zilizofungwa kwa mbao, na mbele roshani iliyozunguka upande mzima wa juu. Efrazia alizaliwa humo na aliizoea kama mtu anavyouzoea mlango wa chooni. Sasa kuta zilikuwa zimepakwa chokaa nyeupe. Mbao za roshani zilikuwa zimesuguliwa mpaka rangi yake ya asali ikatoka, na yale maua yaliyochongwa kwenye nguzo, ambayo utotoni aliyaona kama uchafu, yalionekana moja moja. Juu ya mlango mkuu tarakimu za mwaka 1911 zilikuwa zimesafishwa kwa kisu. Nyuma ya paa ulikuwa msitu, na ukungu umeshuka hadi kwenye vilele vya miti. Wanawake wawili wasiomjua, waliokuwa wanapita na mizigo ya kuni, walisimama karibu naye wakatazama pia. Mmoja alimwambia mwenziwe kwamba mtu akiolewa mle, atakuwa ameolewa kweli.

Mzee Sefania alikuwa uani, akimshikia Sheshe ubao. Miaka yote ambayo Efrazia alikuwa akimtembelea baba yake alimkuta amekaa, na alipoulizwa habari alisema nzuri, kisha akanyamaza. Siku hiyo alikuwa anaongea bila kupumzika. Alikuwa anamweleza Sheshe jinsi mihimili ilivyoburutwa kutoka msituni, watu ishirini kwa kamba, wakiimba. Jinsi yeye mwenyewe, mtoto mdogo asiyefika kiunoni kwa mtu, alivyokuwa akibeba maji ya kukandia udongo. Na jinsi mhimili mmoja ulivyoteleza ukakaa siku tatu bondeni. Akaonyesha ulipo, juu ya chumba cha kati.

"Tate," Efrazia alimwita baba yake, "mbona mimi hukunisimulia habari hizi?"

"Hukuuliza," mzee alijibu, na hapakuwa na lawama katika sauti yake. Akaendelea kumweleza Sheshe.

Efrazia alikunywa chai, akasifia kila alichoonyeshwa, akarudi mjini na basi la mchana. Njiani alihesabu makosa. Chokaa haitadumu mvua mbili. Ngazi bado zinalia. Watu wa mjini watakaoalikwa watachafua viatu. Alipofika nyumbani mvua ndogo ilikuwa inapiga bati, na alipoiangalia sebule yake, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, viti vya sponji, picha yake na Ernest wamesimama kando ya ile Landrova, aliona kama ameingia ofisini kwa mtu.

Siku chache baadaye, saa za mchana, watoto wako shuleni na Ernest yuko kazini, alifunga mlango kwa komeo akalivaa lile gauni. Alijiambia ni kwa ajili ya kupima. Lilimkaa. Kiunoni lilibana, kwa kuwa alikwisha kuzaa, lakini mabega yalikuwa yake, urefu ulikuwa wake, na lesi ya mikono iliishia pale hasa kiganja chake kinapoanza. Mama hakuwa amesema maneno ya kumfurahisha tu aliposema amelitunza kwa ajili yake. Alisimama mbele ya kioo cha kabati muda mrefu. Halafu alilivua, akaweka pini kwenye pindo, vidole vitano kwa ndani, kwa ajili ya mtu mfupi, na kila pini aliyoichoma ilikuwa kama anajichoma yeye.

Kuanzia hapo hakupata raha. Wateja wakimwuliza habari za harusi ya mdogo wake, wanaanza kumsimulia wao: kwamba wamesikia nyumba imekuwa kama mpya, kwamba maharusi watakaa roshanini watu wawaone, kwamba vijana wa siku hizi wana akili, wameacha mambo ya kuiga. Mmoja alisema hivyo akiwa ameielekea ile picha ya Landrova iliyoonekana dirishani, wala hakuwa na nia mbaya.

Ndipo akaja Kibwana. Huyu alikuwa katibu wa kijiji cha Kwemkulo, kijana mwenye bidii na anayeamini kila neno analolisema. Kwemkulo ilikuwa imeandikishwa kuwa kijiji cha ujamaa mwaka uliotangulia, na shamba la pamoja lilikuwa limetoa mahindi mengi kuliko walivyotegemea. Kibwana alishuka mjini kwa mkutano, akapitia kwa Efrazia ili apanuliwe kaunda suti yake. Akiwa amesimama mikono juu, akipimwa, alilalamika. Mahindi yamelundikwa kwenye baraza ya kanisa dogo la kijijini chini ya turubai, na umande wa milimani unayaozesha. Kamati haina ghala. Kujenga kutachukua mwaka.

Efrazia alikuwa na chaki mkononi. Aliweka alama kwenye mshono wa kwapa, kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na ile nyumba ya kwetu? Ina vyumba vinane. Mzee analala kimoja, Yudith kingine. Vingine vyote vinakaa bure."

Kibwana alishusha mikono. Alisema hawakuthubutu kuwaza hivyo, nyumba ya mzee. Efrazia akamwambia mzee ni mtu wa watu, hawezi kukikatalia kijiji. Ila wakisubiri mpaka baada ya harusi, maharusi watakuwa wamekwisha kuhamia na itakuwa vigumu. Afadhali wamwendee mapema. Kibwana alimshukuru sana. Alipoondoka, Efrazia alishona suti yake vizuri, kwa mshono wa mara mbili, na jioni akamwambia Ernest kichwa kinamwuma.

Barua ya kamati ilifika Kwemkulo siku tisa baadaye. Iliandikwa kwa heshima. Iliomba, kwa manufaa ya kijiji, nyumba itumike kuwa ghala kuanzia tarehe moja mwezi wa tisa. Mzee Sefania aliitwa mbele ya kamati, akaulizwa mbele za watu, na akakubali. Yudith alikuja mjini kesho yake na habari hizo. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini hakuwa analia tena. Alisema wameamua kuiwahisha harusi, iwe Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, ili karamu ifanyike kabla nyumba haijachukuliwa. Zilikuwa zimebaki siku nne.

"Gauni litakuwa tayari?" aliuliza.

Efrazia hakuwa amefikiria hilo. Alidhani harusi itahamishiwa kwenye ukumbi wa shule, au mjini, na yeye ndiye atakayeombwa kuisimamia. Alikwisha hata kuwaza viti angeviazima kwa nani. Alimwangalia mdogo wake akasema litakuwa tayari. Siku nzima ile na iliyofuata alishona pindo kwa mkono, kwa kuwa bafta hiyo ya zamani isingestahimili cherehani, na alishona vizuri kuliko alivyopata kushona chochote. Hakuelewa mwenyewe kwa nini.

Jumamosi ilikuwa kavu na baridi. Watu walitoka misheni kwa miguu, mstari mrefu juu ya ile njia ya mteremko, kwaya mbele na ngoma nyuma, na Yudith katikati amekunja pindo la gauni mkono mmoja lisiguse vumbi. Kwenye kona ya njia kwaya ilinyamaza bila kuambiwa. Roshani yote ilikuwa imefungwa matawi ya kangaga na maua meupe ya bondeni. Uani kulikuwa na mikeka na mabenchi ya kanisa. Makande yalikuwa vyunguni, ndizi na nyama zimepangwa kwenye majani ya migomba yaliyopitishwa motoni, togwa kwenye vibuyu kwa watu wa kanisa, na pembeni kidogo, mahali ambapo mchungaji hakuangalia, pombe ya boha kwa wazee. Hapakuwa na kitu hata kimoja kilichonunuliwa dukani isipokuwa chumvi na sukari.

Efrazia alikaa mahali pa heshima, kando ya baba yake. Maharusi walipanda wakatokea roshanini, Sheshe na koti lake la kawaida, Yudith na lesi ya mama shingoni, na watu wote chini wakatoa sauti moja ndogo, si kelele wala vigelegele, kama mtu anayepokea maji baridi mikononi. Vigelegele vilikuja baadaye. Mzee Sefania alikuwa anatabasamu huku machozi yakimtoka, hayafuti. Efrazia alikumbuka kile kiti cha kukunja. Wivu ulimshika, na juu ya wivu huo kulikuwa na jambo jingine linalomtisha zaidi: alikuwa anafurahi kwamba Ijumaa yote haya yatajaa magunia.

Baada ya chakula watu walitoa salamu. Mchungaji alisema, mwalimu mkuu wa Yudith alisema, kisha Kibwana akaomba nafasi. Alikuwa amevaa ile suti. Alisimama katikati ya ua, akawapongeza maharusi kwa kuonyesha mfano wa kujitegemea, akamshukuru mzee kwa kukipa kijiji nyumba yake.

"Na kuna mtu mmoja ambaye hapendi kujitangaza," aliendelea, "lakini mimi nitamtaja. Dada yetu Efrazia. Yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba nyumba hii ina vyumba vinane vinakaa bure, akanishauri twende kwa mzee mapema kabla ya harusi. Bila yeye mahindi yangeoza yote. Tumpigie makofi."

Wachache walianza kupiga, kisha wakaacha. Uso wa kila mtu ulienda kwa Efrazia, halafu juu roshanini, halafu chini. Mzee Sefania hakugeuza kichwa. Aliendelea kutazama mbele, ila tabasamu likafifia usoni taratibu, kama jua linavyoondoka ukutani. Kibwana, alipoona kimya, alidhani hakusikika vizuri, akarudia kusema asante.

Yudith alimwita dada yake ghorofani jua lilipokuwa bado juu. Alikuwa katika chumba cha mama, mlango wazi, amesimama.

"Alisema kweli?"

"Kweli."

"Kwa nini?"

Efrazia alikuwa na majibu. Mahindi, kijiji, umande wa milimani. Aliyaona yote yamepangana mbele yake, na akashindwa kulichukua hata moja.

"Sikutaka uolewe humu," alisema.

Yudith alianza kufungua vifungo vya mikono, kimoja baada ya kingine. Vilikuwa vidogo na vingi, na ilichukua muda.

"Mimi sikukunyang'anya kitu, dada. Mama alikupa, ukakataa. Tate alikungojea humu kila Krismasi, ukawa huna nafasi. Uliviacha vitu chini, mimi nikaviokota. Sasa unavililia?"

Yudith alisema atalifua gauni mwenyewe, na kwamba afadhali dada yake asilale hapo. Wakati wa kuagana uani, alimpa mkono kama anavyopewa mgeni, bila shikamoo, mbele ya watu, na hakuna asiyeliona hilo.

Ernest alikuwa amesikia yote. Katika basi, walipokaribia mjini, alimwambia mkewe kwamba siku ya harusi yao alimwona mama mkwe akikunja leso, anaikunja na kuikunjua, toka asubuhi hadi jioni. Alitaka kumwambia wakati ule lakini alimwona Efrazia amefurahi sana.

Jumatatu Efrazia alirudi Kwemkulo peke yake. Alimkuta baba yake anafungasha vifaa vyake vya useremala ndani ya gunia: randa, patasi, msumeno. Maharusi walikuwa wamekwenda kutafuta chumba karibu na ofisi ya Sheshe, na mzee angekaa nao. Alimwomba Efrazia ashike upande wa pili wa kitanda, wakakitoa pamoja. Alipomwuliza kama amemkasirikia, mzee alikaa juu ya kitanda hapo uani.

"Mahindi yanaoza, hilo ni kweli," alisema. "Ungekuja kwangu mimi, ningewapa chini nikabaki juu. Wao waliniuliza nyumba yote, kwa kuwa waliambiwa inakaa bure. Mbele ya watu wote wale nikaona aibu kusema ninaishi humo."

Kamati ilikutana mchana huo shuleni. Efrazia hakuwa mwanakijiji, lakini aliomba kusema, na Kibwana, ambaye bado hakuelewa kosa lake, akampa nafasi. Aliwaambia kwamba nyumba haikuwa inakaa bure. Chumba kimoja kina kitanda cha baba yake, kingine ni cha mdogo wake, kingine kina vitu vya mama yake, kimoja ni karakana, na vingine vilikuwa vinaandaliwa kwa maharusi. Alilijua hilo alipomwambia katibu. Watu wakauliza, kama alilijua, kwa nini alisema vile.

"Kwa wivu," alisema. "Nilimwonea wivu mdogo wangu."

Mwanamke mmoja nyuma alicheka, kisha akaziba mdomo. Kibwana aliinamisha uso juu ya daftari lake. Efrazia alisimama hapo, fundi anayejulikana mjini, na jasho likamtoka kwenye baridi ile. Aliomba jambo moja: kijiji kichukue vyumba vya chini, vya mawe, ambavyo kwa kweli ni vikavu na vinafaa zaidi kwa mahindi, na juu pabaki kwa baba yake. Walibishana muda mrefu. Wengine walisema neno lililokwisha kuandikwa halifutwi. Mzee mmoja, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa wale watu ishirini wa kamba, alisema mihimili ile haikuburutwa ili ilaliwe na panya. Mwisho wakakubali. Mlango wa pembeni ungekuwa wa ghala, na mlango mkuu wa familia.

Yudith aliambiwa jioni. Yeye na Sheshe walirudisha vyombo vyao ghorofani.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kuhamisha mahindi. Efrazia alipanda tena. Hapakuwa na aliyemwita. Alikuta wanawake wamejipanga kutoka kanisani hadi kwenye nyumba, wanabeba magunia wawiliwawili, na akaingia kwenye mstari pale palipokuwa na mtu asiye na mwenzake. Alipoinama kushika ncha ya gunia aliona miguu ya mdogo wake upande wa pili.

Yudith alimtazama, akatazama nyuma kama kuna mtu mwingine wa kushika. Hakuwapo. Walilinyanyua. Lilikuwa zito na mmoja wao mrefu, mwingine mfupi, kwa hiyo lilielemea upande wa Yudith mpaka Efrazia akajikunja magoti na kutembea hivyo, mgongo ukimwuma, njia yote ya mteremko. Ghorofani walisikia Sheshe na mzee Sefania wanacheka juu ya jambo fulani, nyundo inagonga, inanyamaza, inagonga tena. Efrazia alisikia ule mchomo wa wivu tena, palepale pake, na akaendelea kutembea.

"Shusha kwanza," Yudith alisema walipofika mlangoni. "Tupumzike."

Wakalishusha, wakakaa juu yake, mgongo kwa mgongo, wakisubiri waliotangulia watoke.